Fomu Iliyoandikwa ANA Peke Yake

Kwenye fomu ya maabara huwa kuna nafasi ya maelezo ya mgonjwa: anaumwa nini, tangu lini, anatumia dawa gani. Mara nyingi nafasi hiyo hutufikia ikiwa tupu. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwenye foleni ndefu mlangoni, zimeandikwa herufi tatu: ANA. Nimekaa kwenye maabara ya kinga muda wa kutosha kusema kwamba hakuna kipimo kinachoharibiwa na utupu ule kama hiki. Kipimo cha sukari kinaweza kujisemea chenyewe. ANA haisemi la maana mpaka ujue mwenye damu anasumbuliwa na nini.

Kwa asiyeijua: kinga ya mwili hutengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu, lakini wakati mwingine hutengeneza pia zinazoshika vitu vya mwili wenyewe. Zile zinazoshika viini vya seli ndizo tunazoziita ANA. Hupatikana kwa karibu kila mgonjwa wa lupasi, ule ugonjwa ambao kinga hushambulia sehemu nyingi za mwili wenyewe, kwa wengi wenye skleroderma, ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa, na kwa wengi wenye ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo. Hupatikana pia kwa watu wenye afya zao kabisa, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Kuipima ni kazi ya mikono na macho. Damu inazungushwa kwenye sentrifuji, seli zinatuama chini, juu inabaki seramu. Tunaizimua seramu hiyo, tuseme 1:80, yaani sehemu moja ya seramu ndani ya sehemu 80 za mchanganyiko, tunadondosha tone kwenye slaidi iliyopandwa seli, tunaiacha nusu saa, tunaosha. Kisha tunaweka kingamwili nyingine iliyotiwa rangi ing'aayo, tunasubiri, tunaosha tena. Halafu taa zinazimwa. Unainamia hadubini gizani na kuyaacha macho yazoee. Slaidi isiyo na kitu ni kijani kilichofifia, karibu na cheusi. Yenye ANA inawaka. Na haiwaki kwa namna moja: kuna viini vinavyong'aa sawasawa kotekote, kuna vilivyojaa chembechembe, kuna vyenye vinukta vya kuhesabika ambavyo, kwenye seli inayogawanyika, hujipanga mstari katikati. Huo wa vinukta ni mpangilio wa sentromia, kifundo cha kromosomu. Ukiuona, unaandika ukijua kwamba daktari makini atamuuliza mgonjwa kama vidole vyake hubadilika rangi kwenye baridi, dalili mojawapo ya skleroderma. Kazi ya kuoanisha majina ya mipangilio hii ilianza São Paulo, Brazili, mwaka 2014, na sasa kila mmoja una namba yake, kuanzia AC-0 ya hasi, ili slaidi iliyosomwa huku ieleweke na kule.

Ikiwaka, tunaendelea kuzimua: 1:160, 1:320, 1:640, mpaka mng'ao upotee. Kiwango cha mwisho kinachoonekana ndicho kinachoandikwa kwenye majibu. Kwa hiyo mwenye 1:640 ana kingamwili nyingi kuliko mwenye 1:80. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakipumua kwa nafuu mbele ya namba kubwa na kutetemeka mbele ya ndogo.

Seli tunazotumia zinaitwa HEp-2. Kwa miaka mingi zilidhaniwa zimetoka kwenye saratani ya koo, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kuwa ni seli za HeLa, yaani za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hilo halibadilishi majibu ya mtu yeyote. Mimi tu huwa namkumbuka ninapofungua pakiti mpya ya slaidi.

Pakiti mpya zikija, zinajaribiwa kabla ya kugusa damu ya mgonjwa, na mara nyingi wafanyakazi ndio tunaotoa damu ya kulinganishia, ile ya watu wazima wa afya. Mara moja katika majaribio hayo tone langu liliwaka. Mwenzangu aliyekuwa kwenye hadubini hakujua ni la nani, alisoma tu namba ya kijiduara: "Hiki ni chanya. Mia moja na sitini, chembechembe laini zilizosongamana." Nikatazama orodha. Namba ile ilikuwa ya kwangu.

Takwimu nilikuwa nazo kichwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliofanywa na maabara 15 za nchi mbalimbali, ulipima watu wenye afya na kukuta ANA ya 1:40 kwa karibu 32 kati ya kila 100, ya 1:80 kwa 13, ya 1:160 kwa 5, na ya 1:320 kwa 3. Mtu 1 kati ya 20 wenye afya anabeba kile nilichokuwa nacho. Nilijua pia kwamba huo mpangilio wa chembechembe zilizosongamana, AC-2, ukiwa peke yake ni wa kawaida kwa watu wasio na ugonjwa wowote wa kinga. Nilikuwa nimeshawaeleza madaktari jambo hilohilo kwenye simu bila kigugumizi. Usiku ule nilijitazama mashavu kwenye kioo, nikitafuta upele wa lupasi. Nikavikunja vidole, nikavikunjua. Kila uchovu wa mwaka mzima ukapata maana mpya.

Asubuhi mkuu wa maabara, mtu wa maneno machache, alinikalisha akaniuliza yale ambayo fomu ingepaswa kuuliza. Viungo vinavimba? Vinakakamaa asubuhi, na kwa muda gani? Jua linakutoa vipele? Vidonda vya mdomoni? Nywele zinakatika kwa mafungu? Vidole vinageuka vyeupe halafu vya bluu? Ukivuta pumzi ndefu kifua kinachoma? Mkojo una povu? Kwa kila swali jibu lilikuwa hapana. "Basi rudi kazini," akasema. Hakuniandikia kipimo kingine hata kimoja, na wala sikukiomba. Hiyo ANA ninayo hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa na subira zaidi na wanaokuja dirishani. Mmoja alikuwa dada wa umri wa chuo, karatasi mkononi, macho yamevimba. Alikuwa amefanya uchunguzi wa jumla, ule wa kifurushi cha vipimo vingi kwa mkupuo, na ndani yake mlikuwa na ANA. Chanya, 1:160.

"Daktari, nimesoma kwenye simu usiku kucha. Nina lupasi?"

"Mimi si daktari, dada yangu, ni mtu wa maabara. Karatasi hii haisemi kuwa una lupasi."

"Sasa inasema nini?"

Nikamwambia inasema kuna kingamwili, basi. Kwamba vigezo vya kuainisha lupasi vilivyotolewa mwaka 2019 na vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vinaitumia ANA ya 1:80 au zaidi kama mlango wa kuingilia tu. Baada ya mlango kuna alama za homa, ngozi, viungo, damu, figo na vingine, na zisipofika 10 hesabu haijatimia. Nikamshauri akae na daktari anayejua magonjwa ya kinga, aende na maelezo ya kila anachokihisi mwilini na kila dawa anayokunywa. Dawa ni muhimu. Aizoniazidi ya kifua kikuu, hidralazini ya shinikizo la damu, zote zinaweza kuizalisha ANA. Maambukizi nayo huweza kuiwasha kwa muda.

Akaniuliza swali gumu: "Lakini si afadhali kujua mapema?"

Lina haki yake. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa seramu zilizohifadhiwa za wanajeshi wa Marekani 130 waliokuja kuugua lupasi. Kati yao 115 walikuwa na angalau kingamwili moja ya aina hii kabla ya ugonjwa kutambuliwa, baadhi kwa zaidi ya miaka 9. Kwa hiyo dalili za damu zinaweza kutangulia. Tatizo ni kwamba utafiti ule ulianza na wagonjwa ukarudi nyuma. Ukianza na kila mwenye ANA ukaenda mbele, wengi hawafiki kwenye ugonjwa, na hakuna dawa anayopewa mtu kwa sababu ya ANA tupu. Maoni yangu, na siyafichi, ni kwamba ANA haina kazi kwenye vifurushi vya uchunguzi wa jumla. Inauza hofu. Hata kwa vipimo vinavyofuata baada ya ANA, vile vya kutafuta kingamwili mojamoja, chama cha Marekani cha madaktari wa rumatolojia, yaani wa magonjwa ya viungo na kinga, kilikwishaonya mwaka 2013 visiagizwe pasipo ANA chanya na dalili za ugonjwa.

Sasa tazama fomu ikijazwa. Ililetwa na damu ya mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Daktari aliandika, kwa mkono uliobanana hadi pembeni mwa karatasi: vidole vinauma na kukakamaa asubuhi, upele mashavuni akikaa juani, mimba mbili zimeharibika baada ya mwezi wa tatu, VDRL chanya, TPHA hasi.

Hilo la mwisho lilitufanya tuangaliane. VDRL ni kipimo cha kaswende, lakini hakigusi kijidudu chenyewe. Kinatumia mafuta yaitwayo kadiolipini. Mtu ambaye kinga yake inatengeneza kingamwili za kushika mafuta ya jamii hiyo anaweza kukifanya kisome chanya bila kuwa na kaswende hata kidogo. TPHA, inayotafuta kingamwili za kijidudu, inabaki hasi. Na kingamwili hizohizo za fosfolipidi, ndiyo jamii ya mafuta hayo, hugandisha damu pasipotakiwa, ikiwemo kwenye kondo la nyuma, mimba zikaharibika. Nusu ya jibu ilikuwa kwenye mwandiko wa daktari kabla hatujafungua tyubu.

Slaidi yake iliwaka kijani kikali, viini vyote sawasawa, na seli zilizokuwa zikigawanyika ziking'aa kwenye vifungu vya kromosomu. Ilipotea baada ya 1:1280. Tukaongeza kingamwili dhidi ya DNA, ikawa juu. Protini za kinga C3 na C4, ambazo hutumika na kupungua lupasi inapopamba moto, zilikuwa chini. Vipimo vya fosfolipidi vilikuwa chanya. Hatukusubiri majibu yachukuliwe. Mkuu alipiga simu.

Vipimo vya fosfolipidi havikubaliki kwa mara moja. Lazima virudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu homa au maambukizi huweza kuvipandisha kisha vikashuka. Aliporudi kwa marudio alikuja na mumewe. Daktari alikwishawaeleza wote wawili, ila mume alisogea dirishani akauliza kwa sauti ya chini, mkewe akiwa pembeni yake: "Kwa hiyo kaswende haikuwepo?" Nikamwambia TPHA ilikuwa hasi tangu mwanzo, kaka. Mkewe hakusema kitu. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, na nikaelewa kwamba ile karatasi ya kwanza ilikuwa imezua mengi nyumbani.

Vipimo vingine vya ukoo huu vina visa vyake. ESR, ambayo ni kupima chembe nyekundu zimetuama milimita ngapi kwa saa moja, hupanda kwa uvimbe wowote, na pia kwa umri, ujauzito na upungufu wa damu. Huonyesha moshi bila kusema kinachoungua. CRP, protini nyingine ya kuonyesha uvimbe, hutengenezwa na ini, hupanda haraka na kushuka haraka. Ajabu yake ni kwamba kwa lupasi mara nyingi haipandi sana, hivyo ikiruka juu ghafla kwa mgonjwa wa lupasi, daktari hufikiria maambukizi kwanza. RF, kingamwili inayohusishwa na baridi yabisi ya rumatoidi na iliyoelezwa na Waaler huko Norwei mwaka 1940, huagizwa kwa kila anayelalamika viungo, ingawa huweza kuwa chanya kwa homa ya ini aina ya C, kwa kifua kikuu na kwa wazee wasioumwa. Kwa baridi yabisi ya rumatoidi naamini zaidi kingamwili nyingine, anti-CCP. Ikiwa juu kwa mtu mwenye viungo vilivyovimba, haifai kuwekwa kwenye foleni, kwa sababu dawa zikianza mapema viungo huokoka. Na wapo wenye ugonjwa huo huku RF na anti-CCP zote hasi, vidole vimevimba waziwazi, wakiambiwa na karatasi kuwa ni wazima. Huyo hutazamwa vidole, siyo karatasi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama mtu aje bila kula. Kwa vipimo hivi vya kingamwili hakuna haja. Yapo mawili ambayo watu hawaulizi na yana uzito zaidi. La kwanza ni vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi. Baadhi ya mashine hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, na ikijaa kwenye damu ya mtu hupotosha namba. Majibu ya tezi ya thairoidi yanaweza kutoka kana kwamba ana ugonjwa wa Graves, ule wa tezi kufanya kazi kupita kiasi. Sema unavitumia. La pili ni kwa wanaopimwa ugonjwa wa siliaki, ambao kinga huudhuru utumbo kwa sababu ya gluteni, protini ya ngano: usiache gluteni kabla ya kutolewa damu. Ukiacha, kingamwili hushuka, na kipimo hutoka hasi kwa mgonjwa halisi. Maabara inapaswa pia kupima IgA ya jumla, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwa kuwa wapo wasiokuwa nayo, na kwao kipimo cha kawaida cha siliaki hakiwezi kuonyesha kitu.

Nisije nikaeleweka kwamba chanya bila dalili ni ya kupuuzwa siku zote. Tuliwahi kuletewa damu ya mama mjamzito asiyeumwa popote. Aliyekuwa na shida ni mtoto tumboni: moyo ulikuwa ukipiga polepole kupita kiasi. Fomu ilisema hivyo, na ikataka anti-Ro. Ilikuwa juu sana. Kingamwili hii huvuka kondo la nyuma na inaweza kuharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto. Hutokea kwa takribani watoto 2 kati ya 100 wa akina mama walio nayo, na baadhi ya akina mama hao hujifunza kwa njia hiyo kwamba wanayo. Kwa mimba zinazofuata anajulikana, anafuatiliwa, moyo wa mtoto unasikilizwa kwa ratiba. Daktari alipouliza swali mahususi, kingamwili ileile isiyomsumbua mwenyewe ikawa na jibu.

Kuna kundi jingine, la wale waliokwishaambiwa wana lupasi na wanataka ANA irudiwe kila wanapokuja, waone kama imeshuka. Naelewa kwa nini, lakini ANA haifuati mwendo wa ugonjwa. Inaweza kubaki 1:1280 mtu akiwa mzima anafanya kazi zake, na ikabaki hapohapo akiwa kitandani. Kinachofuatiliwa ni kingamwili za DNA, C3 na C4, hesabu ya damu, na mkojo. Mkojo ndio unaodharauliwa. Mama mmoja aliyetuzoea alikuwa radhi kulipia ANA mpya, lakini kikopo cha mkojo alikirudisha mezani, akisema hana tatizo la mkojo, hauumi wala hauna damu. Ilibidi nimbembeleze.

"Mama, figo likianza kuvuja protini haliumi. Nipe kidogo tu."

Alikwenda akiguna, akarudi nacho. Kijiti kilibadilika kijani kabla sijamaliza kuandika jina lake. Kipimo cha pili kilithibitisha protini nyingi, na wiki hiyohiyo daktari wake alimpeleka kwa bingwa wa figo, akachukuliwa kinyama cha kuchunguza na dawa zikabadilishwa. Sasa akija hutoa mkojo kabla hata hajatolewa damu, na haulizii ANA tena.